Mkeka Uliozikwa na Mwatum

Mkeka wa dada yangu umo kaburini, na aliyeutoa ni mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa kijijini watu wana maelezo yao: kwamba ilikuwa haraka ya maziko, kwamba Bi Mgeni masikini alikuwa analia hata haoni anachokishika, kwamba mkono ulikosea ukachukua mkeka usiokuwa wenyewe. Wamesema hivyo tangu siku ya kwanza, nami nikawaachia. Kulia nililia kweli. Kuona, nilikuwa naona vizuri.

Dada yangu aliitwa Mwatum, mkubwa wangu kwa miaka minne. Kazi yake ilikuwa kuchora hina na piko maharusi, na nikisema kuchora simaanishi yale maua ambayo wasichana wa leo wanayaiga kwenye simu. Mwatum alikuwa akishika mguu wa bibi harusi akautazama kwanza, kama fundi cherehani anavyotazama kitambaa, akauliza mwari ana tabia gani, ndipo akaanza. Hakuna maharusi wawili aliowachora sawasawa. Mtu akimwambia, "Nichoree kama ulivyomchorea fulani," alifunga mkoba wake akatoka, na ikawa lazima watu wamfuate njiani kumbembeleza. Alikuwa na kiburi, Mungu amrehemu, lakini kazi yake ilikuwa inaweza kukitetea.

Sifa zikavuka bahari, Unguja wakaanza kumwita. Wenzake wote walikwenda kwa boti. Yeye mara ya kwanza mwenye harusi alikuwa na haraka, akamkatia tiketi ya ndege, na boti ikawa imekosa abiria tangu siku hiyo. Kijiji chetu hapa Pemba kipo nyuma ya uwanja wa ndege. Tumekua na kelele zile, wengine hatukuziona kuwa ni kitu. Mwatum alirudi safari ile ya kwanza akasimama uani na mkoba wake mkononi, buibui limemteleza kichwani, akacheka peke yake mpaka mama akauliza kutoka ndani kama kuna mgeni.

Kwenye vile vindege vidogo abiria hupimwa kilo pamoja na mzigo wake. Wanawake wengi hupanda mizani kwa haya, wakimwomba karani asisome kwa sauti. Mwatum alikuwa anasoma mwenyewe. "Themanini na mbili! Andika, baba, usinipunguzie, nisije nikakuangushieni ndege." Foleni nzima inacheka. Kisha anaomba kiti cha mbele, kando ya rubani, na akinyimwa hugombana. Siku nyingine alikwenda Unguja asubuhi akarudi mchana, hana harusi, hana mgonjwa, hana shughuli yoyote. Watu walisema mengi juu ya mwanamke aliyeachwa anayezurura angani. Yaliletwa kwangu, kwa sababu kwake hawakuthubutu.

Akirudi, mdomo haufungi. Siku moja mvua ilikuwa uwanjani, rubani akazunguka juu ya kisiwa cha Kojani mara mbili akingoja ipite, na kwa wiki nzima nyumba yetu haikuwa na habari nyingine isipokuwa Kojani. Msimu wa karafuu alikuwa akinieleza jinsi majamvi ya karafuu zinazoanikwa yanavyoonekana kutoka juu, viraka vya kahawia mbele ya kila nyumba, na hori za bahari zinavyoingia ndani ya mikoko. Mimi nakuna nazi, au namgeuza mama kitandani.

"Mgeni, weye hukijui kisiwa chako kilivyo," ananiambia.

"Nakijua. Nakifagia kila siku."

Anacheka. Alidhani nafanya mzaha.

Maana mama yetu alikuwa amepooza upande mmoja. Miaka sita. Kumwosha, kumlisha, kumgeuza, kumfulia, ni mimi. Na Nusaiba, binti wa pekee wa Mwatum, aliyemsuka na kumpeleka skuli na kumsubiri alasiri chuo cha Kurani, ni mimi pia. Mume wangu alifariki mapema, watoto sikujaaliwa, kwa hiyo ilionekana kama mambo yamejipanga yenyewe: mmoja wa kuruka na mmoja wa kukaa. Hakuna aliyeniuliza. Na haki ya Mungu niseme, mimi nami sikumwambia. Nikimeza neno leo, kesho linakuwa mawili, na Mwatum hakuwa mtu wa kusoma uso. Alikuwa anatazama mbali.

Mama alifariki Alhamisi, msimu wa vuli. Mwatum alikuwa ameondoka na ndege ya asubuhi kwenda kuchora bibi harusi. Mama alikunywa uji wake nusu kikombe, akalala, na nilipokwenda kumgeuza saa nne alikuwa ameshakwenda. Hakuita mtu. Hakusema neno. Mwaka ule wa mwisho ulimi wake ulikuwa mzito, akisema neno mojamoja, na asubuhi ile hata hilo moja hakulisema. Tulimpigia Mwatum, simu yake imezimwa. Alipokuja kupatikana mvua ilikuwa imeshafunga, na ndege ya mchana haikuja. Tukazika bila yeye.

Alifika kesho yake, vidole vyake bado vyeusi kwa piko ya watu. Alinikuta chumbani kwa mama nakunja mashuka. Akauliza kwa sauti ndogo, si ile sauti yake:

"Mama alisema n'ni?"

Nilikuwa sijalala siku mbili. Nilikuwa na miaka sita ya mashuka mikononi mwangu.

"Alikuuliza weye," nikamwambia. "Alikuita mara tatu. Nikamjibu uko juu."

Hiyo "mara tatu" niliiongeza hapo hapo, sijui hata ilitoka wapi. Mwatum hakulia. Alikaa kwenye kitanda cha mama, kwenye kamba tupu, mpaka alasiri.

Nilifikiri nitamwambia kweli baada ya hitma. Kisha baada ya arubaini. Kisha ikawa kama kitu kilichowekwa mahali na nyumba ikajengwa juu yake. Tangu siku ile Mwatum hakupanda ndege. Unguja walipiga simu, akawaambia amechoka, watafute wengine. Akawa anachora hapa hapa, kwa wanaomfuata. Ndege ikipita juu ya nyumba alikuwa anainamisha kichwa, anafanya kazi yake. Na kila Ijumaa baada ya sala anakaa pembeni anasoma Yasini, anamwombea mama, na dua yake ilikuwa moja, niliisikia wiki baada ya wiki kwenye nyumba ile ndogo: anamwomba mama radhi.

Anayejua uzito wa radhi ya mama hahitaji nimweleze nilichomfanyia dada yangu. Nilimpa kuamini kwamba mama amekufa akimwita naye hayupo. Nilikuwa nikisikia dua ile nahamia jikoni.

Basi ndipo akaanza mkeka. Kusuka sote tunajua, lakini mkeka wa watu husukwa kwa utaratibu: unatia rangi ukindu, unachagua nakshi, na ukili wako, ule utepe mrefu unaousuka, unakwenda na nakshi ile ile toka mwanzo mpaka mwisho, halafu unashona ukili kwa ukili. Mwatum alikuwa anabadilisha rangi katikati ya ukili. Shibiri mbili kijani, kisha buluu, kisha kahawia kidogo, kisha kijani tena. Majirani wakija barazani wanamwambia, "Mwatum, hapa umekosea," naye anacheka, karibu kama zamani. Ukili mmoja mmoja haukuwa na maana yoyote. Ilipokuja kushonwa, picha ikawa inajitokeza. Alikuwa anasuka Pemba, jinsi alivyoiona kutoka juu, kwa kukumbuka tu.

Miaka mitano aliusuka, akifumua na kuanza tena. Alikuwa akiniita.

"Mgeni, njoo utazame, nimefika Kisiwa Panza."

"Nna chungu motoni."

"Mgeni, hebu njoo. Nimefika kwetu."

"Nna nguo za kuanua."

Nilikuwa na chungu motoni kweli, mtu hakosi chungu motoni akikitafuta. Sikwenda kwa sababu nilijua ule mkeka ni nini. Kila ukili ulikuwa safari ambayo angeipanda kama si mimi. Ulipokwisha akauviringisha, akaufunga kwa kanga, akauweka juu ya kabati. Nusaiba, ambaye ameolewa Maskati, alikuwa anamsumbua kwenye simu amtumie picha. Mwatum akakataa. "Mkeka hautazamwi kwa simu. Uje uutazame kwa macho yako, kisha uchukue, ni wako." Nusaiba alikuwa mjamzito, akaahidi kuja akishajifungua.

Alijifungua, na wiki mbili baadaye mama yake akaanguka kwa presha. Siku tatu tu. Siku ya pili fahamu zilikuwa zimemrudi, nikawa nampa uji. Akanishika mkono uliokuwa na kijiko.

"Mgeni. Siku ile mama alivyoniita. Aliita kwa hasira, au aliita vivi hivi tu?"

Nilikuwa nalo neno mdomoni. Lilikuwa jepesi, maneno manne matano: mama hakuita, dada, nilikudanganya. Chumbani tulikuwa wawili, hakuna wa kunisikia. Nikaona haya. Nikaona atanitazama vipi, mtu mzima mimi, mwenye tasbihi yangu.

"Lala, dada," nikamwambia. "Utachoka."

Akaniachia mkono. Jumatatu baada ya alfajiri akafariki.

Kwetu, maiti akishalazwa kwenye mwanandani wa kaburi huzibwa kwa mbao, na juu ya mbao hutandikwa mkeka ili mchanga usipenye ukamwangukia. Mzee Hamad, ndiye anayesimamia mazishi hapa kijijini, alikuja mlango wa uani kabla ya adhuhuri.

"Jamani, mkeka. Watu wangoja."

Nyuma ya mlango ulikuwepo mkeka mpya, mweupe, wa kununua mjini Chake, haujakaliwa na mtu. Niliupita. Niliingia chumbani kwa Mwatum, nikapanda kiti, nikaushusha ule wa juu ya kabati, nikafungua kanga. Hata hapo sikuukunjua. Mzee Hamad alipoushika akaona rangi kwenye ukingo, akasita.

"Huu, Bi Mgeni? Huu si wa mapambo?"

"Ni wake," nikasema. "Mchukulieni."

Ukinisikia ungedhani ni mapenzi, na wengine hata walilia zaidi. Kweli ni kwamba niliuona akilini ule mkeka ukutani Maskati, Nusaiba anauonesha watu, anasimulia jinsi mama yake alivyopenda kuruka na alivyoacha ghafla, na mtu mmoja anauliza: kwa nini aliacha? Nilitaka usiwepo. Wanaume wakaenda, sisi wanawake tukabaki na Yasini, na nilipokwisha kusoma ukurasa wa pili nilijua nimefanya nini. Nikatoka mbio mpaka njia panda bila viatu. Walikuwa wanarudi, wanapangusa mchanga mikononi.

Nusaiba hakuweza kuja wakati ule, alikuwa kwenye arubaini yake ya uzazi. Alikuja kwa arubaini ya mama yake, na mtoto wa kike mgongoni ambaye tayari ana kipaji cha uso cha Mwatum. Siku mbili za pilau na wageni hatukupata nafasi. Hitma ilipokwisha na masufuria kurudishwa kwa wenyewe, tukakaa barazani, mimi na yeye na mtoto amelala katikati. Nilijua kinachokuja. Kwa siku arubaini nilikuwa nimebeba maelezo mawili, ya majirani na ya kwangu, sijui nitampa yapi.

"Mama mdogo," akasema, "ule mkeka uko wapi?"

Nikampa ya majirani. Jinsi watu walivyokuwa wengi, Mzee Hamad mlangoni, machozi, mkono umekosea. Yalitoka vizuri, yalikuwa yameshasemwa na watu wengi. Nusaiba akamwinamia mtoto. Machozi yakamtoka bila sauti, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Basi si kitu," akasema. "Usijilaumu, mama mdogo. Kama uko naye, uko naye." Akapekua mkoba wake akatoa kijidaftari na kalamu. "Lakini nieleze ulivyokuwa. Miye ntauchora, nimwachie huyu. Weye ndiye pekee uliyekaa nao."

Kama angenigombeza ningesalimika. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

"Ulikuwa wa kijani," nikasema. "Mikarafuu. Na buluu, bahari."

"Eee. Na Kojani?"

"Ilikuwepo."

"Kaiweka wapi? Kubwa, ndogo? Aliniambia Kojani ilimtesa mwezi mzima."

"Ilikuwa… huku juu. Ndogo."

Akachora kiduara. Mkono wake unashika kalamu kama wa mama yake, kidole cha shahada kimenyooka. Akaniinulia macho, ana hamu kama mtoto anayesubiri kisa.

"Na nyumba yetu? Aliniambia nyumba yetu kaitia, na uani kamtia mtu. Nikamuuliza ni nani, akacheka tu, akasema utamwona mwenyewe ukija. Ni nani, mama mdogo?"

Ningeweza kusema ni wewe, Nusaiba. Ningeweza kusema ni bibi yako kwenye kiti chake. Lolote ningesema angelichora, angelipeleka Maskati, na mtoto yule angekua akiliamini. Nilishawahi kumwambia mama yake lolote lililonijia mdomoni.

"Sijui," nikasema.

"Hujui vipi?"

"Sikuutazama."

Akafikiri hajasikia. "Hukuutazama siku ile?"

"Sikuutazama siku yoyote. Aliniita, sikwenda."

"Miaka mitano? Nyumba moja?"

"Miaka mitano."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilianza na mkeka mweupe nyuma ya mlango, nikarudi nyuma mpaka uji wa Mwatum na swali lake, nikarudi nyuma mpaka mashuka ya mama na ile "mara tatu." Sikupunguza kitu. Nikamwambia na uchovu wangu, kisha nikaona nautoa kama hoja ya mahakamani, nikauacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu ameishika, kiduara cha Kojani peke yake kwenye karatasi. Mtoto akajigeuza, hakuna aliyemgusa.

"Kila akinipigia," Nusaiba akasema polepole, "alikuwa ananiambia niwe karibu na simu yangu. Nisiizime. Nikilala, nikiwa kazini, nisiizime hata kidogo. Nilikuwa naona ni utu uzima wake tu." Akaweka kalamu chini. "Alikufa anajua mamake hamridhii."

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. Nilikuwa nimeshuka kwenye baraza, nimekaa chini sakafuni miguuni pake, sijui nilifikaje. "Niwie radhi."

Nusaiba alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo ninalolikumbuka kila siku. Ni mtoto niliyemsuka nywele mimi, niliyemfundisha kufunga mtandio, na alinitazama kama mtu anayetaka kweli kunisaidia na haoni njia.

"Miye nitakusamehe n'ni, mama mdogo?" akasema. "Aliyekufa na uongo huo ni mama, si miye."

Akamwinua mtoto, akampangusa jasho shingoni, akaingia naye ndani kumnyonyesha.